Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ni mawingu gani?

MKULIMA anayesimama ukingoni mwa shamba lake mwezi wa Machi, jembe begani na mbegu mkononi, huinua macho angani kabla ya kutenda lolote lingine.

Swali linalomkabili ni la tangu jadi: je, mawingu yale yanayojikusanya upande wa mashariki yanaleta mvua ya kupandia, au yanapita tu?

Jibu atakalojipa lina gharama. Akipanda mapema kisha mvua ikakatika, miche hukauka ingali michanga, naye hulazimika kununua mbegu nyingine ilhali mfuko wake umekwisha kutoboka. Akikawia, siku za mvua humpita, na mahindi yake hukosa maji wakati wa kuchanua.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakukosea. Hata hivyo, hawakutaja ni mawingu ya aina gani, na katika miaka ya karibuni swali hilo limekuwa zito zaidi kwa Wakenya.

Kuanzia vuli ya mwaka wa 2020 hadi ile ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba, hasa katika kaunti kame za kaskazini na mashariki mwa nchi. Zaidi ya mifugo milioni 2 iliangamia. Kabla wafugaji hawajajikwamua, vuli ya 2023 iliandamana na El Nino, na mafuriko yakaua zaidi ya watu 100. Masika ya 2024 yalifuata, nayo yakasababisha vifo vya watu wengine zaidi ya 200 na kuwafurusha maelfu kutoka makwao.

Katika muda wa miaka minne, basi, nchi ilitoka katika kiu na kutumbukia katika gharika. Nyakati zote hizo mawingu yalikuwepo angani. Kilichokosekana kwa wengi ni maarifa ya kuyasoma, pamoja na imani kwa wale ambao kazi yao ni kuyasoma.

Majina yaliyotoka London

Wingu ni mkusanyiko wa matone madogo mno ya maji, au chembe za barafu, yanayoelea hewani. Hewa yenye unyevu inapopaa hupoa, na mvuke ulio ndani yake hugeuka kuwa matone yanayoshikamana na vumbi, moshi au chumvi ya bahari.

Wepesi wa wingu ni wa machoni tu. Wingu la kawaida la mchana, lenye urefu, upana na kimo cha kilomita moja, hubeba takriban tani 500 za maji. Huelea kwa sababu maji hayo yametawanyika katika matone yasiyohesabika, na kwa kuwa hewa iliyo chini yake inaendelea kupanda.

Kwa karne nyingi iliaminika kwamba mawingu hayawezi kupewa majina kwa kuwa hayatulii. Mtu aliyebadili fikra hiyo ni Luke Howard, mtengenezaji dawa wa London, ambaye mnamo Desemba 1802 aliwasomea wenzake makala aliyopendekeza ndani yake majina ya Kilatini.

Howard aliona kwamba chini ya mabadiliko yasiyokoma kuna maumbo machache yanayojirudia: sirasi, yaani nyuzi kama za unywele, kumulasi, yaani lundo, na stratasi, yaani tabaka. Wingu lenye kunyesha alilipa jina la nimbasi.

Mfumo huo ndio msingi wa Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1896. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilitoa toleo jipya Machi 23, 2017, siku ambayo kaulimbiu ya Siku ya Hali ya Hewa Duniani ilihusu kuyaelewa mawingu.

Atlasi hiyo inatambua jamii kumi za mawingu, zilizogawanywa katika tabaka tatu za kimo. Katika nchi za tropiki kama Kenya, mawingu ya chini huanza karibu na ardhi na kufika kilomita 2, ya kati huwa kati ya kilomita 2 na 8, nayo ya juu huanza kilomita 6 hadi 18.

Kumi za angani

Mawingu ya juu ni matatu. Sirasi hufanana na manyoya meupe yaliyochanwa. Sirokumulasi ni vipunje vidogo vilivyopangika kama mchanga uliopulizwa na upepo. Sirostratasi ni utandu mwembamba unaolifunika jua au mwezi bila kuuficha mwanga, na mara nyingine huchora duara la nuru ambalo huzua uvumi kila linapoonekana.

Duara hilo si ishara ya balaa wala neema. Ni mwanga tu unaopinda unapopita katika chembe za barafu.

Mawingu ya kati yana altokumulasi, linalofanana na kundi la kondoo waliotawanyika malishoni, na altostratasi, pazia la kijivu linaloliacha jua lionekane kana kwamba liko nyuma ya kioo chenye ukungu. La tatu ni nimbostratasi, blanketi zito la kijivu linalonyesha kwa saa nyingi mfululizo bila kishindo.

Chini kuna stratasi, ambalo ni kama ukungu ulionyanyuka kutoka ardhini, na stratokumulasi, mapande mapana yaliyopangana na kuacha nyufa. Mkazi yeyote wa Nairobi, Limuru au Nyeri anayajua haya mawili hata kama hajui majina yake. Ndiyo yanayolificha jua kwa siku nyingi kati ya Juni na Agosti, yakaleta baridi na manyunyu yasiyojaza tangi.

Mawingu hayo huwahadaa wengi. Anga huwa nyeusi tangu asubuhi hadi jioni, lakini mvua haiji. Sababu ni kwamba hewa baridi kutoka kusini-mashariki hulala chini ya tabaka la hewa yenye joto zaidi, na tabaka hilo huwa kama kifuniko cha sufuria. Wingu hutanuka kwa upana kwa sababu limezuiwa kukua kwenda juu.

Jamii mbili zilizosalia ndizo zinazoamua mambo mengi humu nchini. Kumulasi ni yale mafungu meupe kama pamba, yenye kitako bapa, yanayochipuka jua linapopanda. Yakibaki madogo na yenye upana kuliko kimo, siku huwa shwari. Yakianza kurefuka kama koliflawa kabla ya adhuhuri, mwenye nguo kambani ana sababu ya kutazama tena.

Kumulasi linaloendelea kukua huishia kuwa kumulonimbasi, mfalme wa mawingu yote. Kitako chake huwa cheusi, kilomita moja au mbili tu juu ya ardhi, nacho kilele chake katika eneo la ikweta kinaweza kupita kilomita 15, juu zaidi ya njia za ndege za abiria. Kikifika hapo hutandaa kama fuawe la mhunzi.

Ni wingu hili pekee lenye radi na mvua ya mawe, nalo ndilo huleta pepo za ghafla zinazoezua mapaa. Wakulima wa majani chai wa Kericho na Nandi, eneo linalojulikana kote duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe, wanalijua kwa hasara ya majani yaliyopasuliwa.

Kwa kinyume, anga isiyo na wingu nayo ina hatari zake. Usiku wa Januari au Februari ambapo nyota zote zinaonekana, joto la ardhi hupotea angani kwa kukosa blanketi la kulizuia. Alfajiri jalidi huwa imeunguza majani chai ya Kericho na viazi vya Nyandarua.

Vitabu vya Ulaya na anga ya Kenya

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule havilisemi waziwazi. Kanuni nyingi za kutabiri mvua kwa mawingu zilitungwa Ulaya, ambako hewa baridi na hewa ya joto hukabiliana katika mipaka mirefu inayosafiri. Huko, sirasi likifuatwa na sirostratasi kisha altostratasi, mvua huwa njiani.

Kenya imekaliwa na ikweta, na mvua yake haiji kwa mtindo huo. Hutegemea ukanda ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, unaolifuata jua likivuka ikweta mara mbili kwa mwaka. Ndipo tunapopata masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Zaidi ya hayo, mvua hutegemea joto la mchana, milima na maziwa.

Kwa hivyo, sirasi linaloonekana Nakuru jioni mara nyingi ni masalio ya kilele cha dhoruba iliyokwisha kunyesha kwingine. Anayelichukulia kuwa mjumbe wa mvua ya kesho anaisoma barua ya jana.

Turkana ni mfano mwingine. Upepo mkali hupita katika bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukibeba unyevu wa Bahari Hindi kuelekea kaskazini-magharibi. Unyevu hupita juu ya vichwa vya watu wenye kiu bila kusimama. Hata wingu likinyesha, mara nyingine matone huyeyuka hewani na kuonekana kama nyuzi za kijivu zisizogusa ardhi.

Ziwa lisilosamehe

Hakuna mahali ambapo kulitambua wingu ni suala la uhai kuliko Ziwa Victoria.

Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Hewa hiyo yenye unyevu hupanda miinuko ya Kisii, Kericho, Nandi na Kakamega, nayo kumulonimbasi huchipuka alasiri. Usiku mambo hugeuka. Upepo hutoka nchi kavu kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye vuguvugu, na dhoruba huzaliwa ziwani kwenyewe kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Saa hizo ndizo mvuvi wa omena yuko majini, taa yake ikivutia samaki. Gizani hawezi kuona kitako cheusi wala kilele kilichotandaa. Anachoweza kuona ni mmweko wa radi kwenye upeo wa macho, kisha kuhisi upepo wa baridi unaomfikia dakika chache kabla ya mawimbi.

Inakadiriwa kwamba maelfu ya watu hufa maji kila mwaka katika ziwa hilo, tukijumuisha Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa kutambua hilo, WMO na idara za hali ya hewa za eneo hili, kwa ufadhili wa Uingereza, ziliendesha mradi wa HIGHWAY ulioanza mwaka wa 2017, ambao uliboresha maonyo kwa wavuvi na wasafiri wa majini.

Kuna hesabu ambayo kila mtu anaweza kuifanya. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ikiwa muda kati ya mmweko na ngurumo haufiki sekunde 30, dhoruba iko umbali usiozidi kilomita 10, na wakati wa kutafuta hifadhi umewadia. Si vyema kurejea nje kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho. Katika Kisii na maeneo mengi ya magharibi, ambako radi huwaua watu na mifugo, hesabu hiyo ingefaa kufunzwa pamoja na jedwali la kuzidisha.

Mipaka ya macho

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba macho makali yanatosha. Wingu hueleza habari za saa chache zijazo na za mahali linapoonekana. Halisemi lolote kuhusu wiki ijayo, wala kuhusu kijiji kilicho nyuma ya mlima.

Mkasa wa Mai Mahiu uliotokea Aprili 29, 2024 ni ushahidi mchungu. Makumi ya watu walipoteza maisha pale maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya njia ya maji iliyozibwa chini ya reli yalipobomoa kizuizi na kuteremka kwa kishindo usiku. Waliofagiliwa hawakuuawa na wingu lililokuwa juu ya mapaa yao, bali na maji yaliyonyesha juu zaidi mlimani.

Vivyo hivyo kwa msimu wa kupanda. Mvua mbili tatu nzito za mwanzo wa Machi zinaweza kutoka kwa kumulonimbasi halisi, na bado zikafuatwa na wiki tatu za jua kali. Wingu halikudanganya. Aliyekosea ni yule aliyelichukua tukio la alasiri moja na kuligeuza kuwa ahadi ya miezi mitatu.

Hapa ndipo Idara ya Hali ya Hewa nchini inapohitajika. Kutoka makao yake Dagoretti Corner, Nairobi, hutumia vituo vya ardhini na picha za setilaiti za Ulaya za Meteosat, zinazoipiga Afrika picha kila dakika 15. Setilaiti ya kizazi kipya iliyorushwa Desemba 2022 imeundwa kufanya hivyo kila dakika 10. Tangu ujio wa ugatuzi, idara hiyo pia ina wakurugenzi katika kaunti wanaotoa utabiri wa maeneo madogo.

Tatizo ni kwamba taarifa hizo humfikia mwananchi zikiwa na lugha ya uwezekano: mvua ya kiwango cha juu kuliko wastani, au chini ya wastani. Mkulima wa Makueni asiyejua wastani wa eneo lake ni milimita ngapi hawezi kuamua kama apande mahindi au mtama.

Imani nayo ni dhaifu. Mwaka wa 2023 idara ilionya mapema kuhusu El Nino, lakini mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Nino haingekuwepo, bali mvua nyingi tu. Kufikia Novemba, Mandera, Garissa, Tana River na Mombasa zilikuwa zimezama. Mwananchi aliyesikia kauli mbili zinazokinzana aliachwa afanye alichofanya babu yake: kutazama juu.

Hekima ya Banyore

Babu huyo, hata hivyo, hakuwa akitazama juu pekee. Katika eneo la Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa kutabiri mvua. Wazee wake hutazama mawingu na mwelekeo wa upepo, lakini pia huchunguza kuchanua kwa miti, mienendo ya ndege na wadudu, na milio ya vyura.

Wakati wa ukoloni na hata baadaye, wazee hao walichukuliwa na wengi kuwa wachawi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 msimamo ulibadilika. Wataalamu wa idara ya hali ya hewa na wa kituo cha kikanda cha ICPAC waliketi nao, kila upande ukaleta utabiri wake wa msimu, kisha wakatafuta kauli moja ya kuwapa wakulima.

Mafanikio makubwa ya ushirikiano huo ni kwamba taarifa ilitolewa kwa lugha ya watu na vinywa wanavyoviamini. Utabiri uliokuwa ukipuuzwa ulipata wasikizaji.

Hekima hiyo nayo ina mipaka, na wenyewe wanakiri. Misitu iliyokuwa na miti ya kuchunguzwa inapungua, na tabia ya nchi inapobadilika, ua lililochanua kwa wakati wake kwa miaka 100 linaweza kuchanua kwa wakati usiofaa.

Lugha na darasa

Suala la lugha linastahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya mvua na upepo: masika na vuli, manyunyu na rasharasha, kusi na kaskazi. Mabaharia wa pwani waliendesha majahazi hadi Uarabuni kwa kuzijua pepo hizo. Lakini kwa wingu lenye radi, ambalo huua watu kila mwaka, tunaazima jina la Kilatini ambalo mtangazaji wa redio huliruka.

Hakuna kinachozuia wanaisimu na wanasayansi kukubaliana kuhusu majina kumi ya kueleweka. Howard mwenyewe hakuwa profesa, na alitumia maneno ya kawaida ya Kilatini: unywele, lundo, tabaka, mvua.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, huwataka watoto wa madarasa ya chini wachunguze hali ya hewa. Kenya vilevile ni miongoni mwa nchi zinazoshiriki mpango wa GLOBE, ambapo wanafunzi hurekodi mawingu na kutuma takwimu zinazolinganishwa na picha za setilaiti.

Zoezi lenyewe halihitaji bajeti. Wataalamu huigawa anga katika sehemu nane na kukadiria ni ngapi zimefunikwa. Mtoto akiandika kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri idadi hiyo, aina ya wingu, na kama mvua ilinyesha, shule itakuwa na kumbukumbu ya eneo lake baada ya mwaka mmoja. Baada ya miaka kumi, kumbukumbu hiyo itakuwa mali ambayo hata kaunti haina.

Umoja wa Mataifa uliweka lengo mwaka wa 2022 kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mifumo ya tahadhari ya mapema. Mitambo na setilaiti ni nusu tu ya kazi hiyo. Onyo linalotumwa kwa simu saa nane za usiku huokoa maisha iwapo tu anayelipokea analielewa, analiamini na anajua pa kukimbilia.

Mkulima wa Machi, basi, ana mambo matatu ya kuuliza kabla ya kuifukia mbegu yake. Wingu lile ni la aina gani, na linakua au linatanuka? Utabiri wa kaunti unasema mvua itaanza lini na kukatika lini? Na udongo, ukichimbwa kwa kina cha kiganja, umelowa au umenyunyiziwa tu?

Akipata majibu matatu yanayokubaliana, na apande. Yakikinzana, ni heri mbegu isubiri guniani siku chache zaidi, kwani mawingu yatarudi, ilhali pesa za kununua mbegu nyingine huenda zisipatikane tena.